Siku Niliyompeleka Baba Mpirani

Kawangware,
Jumapili jioni

Dada yangu Rasoa,

Pokea salamu zangu, za Mama Edna na za watoto. Hapa hakuna anayeumwa, tunamshukuru Mungu, ingawa leo hata kushukuru kunanitoka kwa shida. Je, mguu wako uliokuwa umefura umepona? Na shemeji, amerudi kufundisha au walimu bado wako kwenye mgomo? Na macho ya Baba wiki hii yakoje? Bado yanatoa machozi asubuhi?

Barua yako niliisoma mara tatu. Umekasirika, na una haki. Unasema Baba alitoka kwako kuja kupasuliwa mtoto wa jicho, akakaa kwangu wiki mbili, akarudi akiwa haoni vilevile. Yeye amekwambia daktari hakuwepo. Halafu kijana wa jirani yenu akaja likizo na kukwambia alituona uwanjani, mimi na mzee. Umeniuliza: "Ulimpeleka kipofu mpirani, Hezron?"

Dada, daktari alikuwepo. Baba amekudanganya kwa sababu yangu. Keti nikwambie yote.

Unakumbuka kwamba mwaka huu nilipata kazi ya useremala huko uwanjani. Nilitengeneza viti vya jukwaa la wageni wa heshima, viti vya mbao ngumu vyenye mikono, ambavyo baadaye waliviwekea mito. Nikatengeneza pia mlango wa choo kilicho chini ya jukwaa hilo. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nyapara, yule msimamizi wa mafundi, alifurahi akaniambia, "Fundi, siku ya mechi kubwa njoo na mtu wako. Nitawapa nafasi mbili mkae hapo hapo." Nilimwamini.

Baba alipofika, daktari alimpima akampa siku: Jumanne ya wiki iliyofuata. Jumapili kabla ya hiyo Jumanne, timu yetu ilikuwa inacheza. Unajua Baba na ile timu. Ameisikiliza kwenye redio tangu tukiwa wadogo, lakini hajawahi kuiona hata siku moja. Nikamwambia, "Baba, Jumapili utaiona timu yako. Na utakaa kwenye kiti nilichotengeneza kwa mkono wangu."

Mama Edna alipinga. Alisema, "Si mngoje apasuliwe kwanza, halafu aende akaone vizuri? Mbona haraka?" Alisema ukweli, na mimi nikamjibu vibaya. Wewe peke yako nitakwambia kilichokuwa moyoni. Tangu nije Nairobi, Baba hajawahi kuona kitu nilichotengeneza. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa, la kulia lilikuwa linaona kivuli cha mtu na rangi ya nguo. Niliogopa kwamba upasuaji usipofaulu hataona tena. Nilitaka anione kabla ya hapo. Mpira ulikuwa kisingizio.

Basi tukaenda. Baba alivaa koti lile la harusi yako na kofia. Mlangoni pa wageni wa heshima nyapara alikuwa amesimama na kalamu sikioni. Nikamsalimu. Aliniangalia kama mtu ambaye hajawahi kuniona.

"Tikiti ya huku iko wapi?"

"Si ulisema nije na mzee? Ni mimi, fundi Hezron."

"Fundi, leo kuna wakubwa. Hii ni ya wageni, si ya mafundi. Usiniharibie kazi."

Baba alikuwa nyuma yangu ameshika mkono wangu, na alisikia kila neno. Alirekebisha kofia tu.

Hapo ningepaswa kurudi nyumbani. Badala yake nikaona aibu, nikamwambia tutaingia upande mwingine. Madirisha ya tikiti yalikuwa yamefungwa kitambo, lakini tikiti zilikuwa zimejaa mikononi mwa vijana nje ya ukuta, na waliokuwa wanawapelekea hizo tikiti ni walinzi wenyewe wa dirishani. Niliona kwa macho yangu mlinzi akichomoa kitita mfukoni. Bei iliyoandikwa ukutani ilikuwa moja, na waliyotaka ilikuwa mara mbili. Nikalipa. Ni malipo ya kazi ya siku mbili, nikalipa ili niingie kusimama.

Upande wetu unaitwa Russia. Ni ngazi za saruji, hazina paa, jua linakupiga usoni mchana kutwa. Watu walikuwa wameshonana hadi huwezi kuinua mkono. Choo upande huo hakuna. Kile choo chenye mlango wangu kiko chini ya wageni wa heshima, na kimefungwa kwa kufuli. Sasa mtu akibanwa atafanya nini? Akitoka amepoteza nafasi. Anajisaidia kwenye karatasi ya plastiki, anafunga fundo, halafu anairusha mbele. Mechi haijafika nusu saa, mmoja wa mifuko hiyo ukamwangukia Baba shingoni, ukapasuka. Mkojo ukamteremka ndani ya lile koti.

Vijana nyuma yetu wakacheka. Mmoja akamwonyesha Baba kidole, akasema, "Buda ameoga!"

Baba akaniuliza, "Hezron, ni mvua?"

Nikamwambia ni maji, mtu amemwaga maji. Akajinusa mkono. Nilimfuta na shati langu. Bado hakutaka tuondoke. "Wanacheza vipi? Hebu nitangazie," akasema. Nikasimama pale nikinuka pamoja naye, nikimtangazia mpira kama mtu wa redio, na yeye akitikisa kichwa.

Kipindi cha pili tukafunga, refa akakataa lile bao. Mawe yakaanza, kisha chupa. Wale wa jukwaa la heshima wakatolewa kwa mlango wa nyuma mapema. Sisi wa Russia tuna geti moja tu, na hilo geti lilikuwa limefungwa kwa nyororo, eti watu wasiingie bure. Askari wakarusha moshi wa kutoa machozi juu yetu sisi tuliofungiwa. Hawakuwalenga waliorusha mawe. Walilenga popote palipokuwa na watu wengi.

Nilimkumbatia Baba nikamwangusha chini ya ukuta, nikamfunika kwa mwili wangu. Watu walitukanyaga. Alikuwa anajikuna macho kwa mikono yote miwili, nami namwambia, "Usiguse, Baba, usiguse!" Hakusikia. Geti lilipovunjwa tukatoka tukitambaa. Nje kulikuwa na mama mmoja anayeuza njugu. Alimuona, akaacha biashara yake, akachukua maji yake ya kunywa akamwoshea macho polepole, akimwambia, "Pole baba, pole baba." Sikuwahi hata kumuuliza jina.

Baba alipopata pumzi, kitu cha kwanza alichoniuliza ni, "Lile bao letu lilihesabiwa?"

Nikamwambia, "Lilihesabiwa. Tumeshinda."

Sijui kwa nini nilidanganya. Nilitaka apate kitu kimoja katika siku hiyo.

Jioni nyumbani Mama Edna alimpashia maji, akaoga, akavaa suruali yangu. Macho yalikuwa yamefura kama yameumwa na nyuki. Akaomba redio. Mtangazaji akasema mechi ilivunjika kabla ya kwisha, na bao lilikuwa limekataliwa. Nilikuwa nimeketi karibu naye, sikujua niangalie wapi. Baba alisikiliza hadi mwisho, akaizima, akasema, "Mama Edna, ugali uko tayari?" Hajawahi kunitajia tena lile bao.

Jumanne tukaenda hospitali. Daktari alimwangalia dakika moja. "Macho haya yamefanywa nini?" Nikaeleza. Akasema hawezi kupasua jicho lenye uvimbe namna hiyo, lingeoza. Tungoje lipone, ndipo atupangie siku nyingine. Hakunigombeza. Aliandika tu. Nilipomwangalia Baba alikuwa anakunja kofia mikononi mwake, na tukiwa nje akasema, "Rasoa akiuliza, mwambie daktari hakuwepo. Ana maneno mengi yule."

Ndiyo hiyo habari.

Umeandika tena kwamba kama nilitaka kumtembeza mzee, mbona sikumpeleka kwa michezo ya watu wastaarabu. Nitakujibu, maana mjini nimezunguka kwa kazi yangu, na hiyo michezo naijua. Kuna klabu ya raga nilikorekebisha kaunta ya baa. Wanalipisha langoni, na aliyekuja kwa miguu anaulizwa amekuja kumwona nani. Ndani nilikuta watu wameugeuzia uwanja mgongo, wanakunywa bia, na wachezaji wanavunjana mbavu bila mtu wa kuwaangalia. Kuna kriketi: wanaume wamevaa nguo nyeupe, wanasimama kutoka asubuhi hadi chai ya saa kumi, na hata aliyelipa hajui nani anashinda. Kuna farasi, si mbali na Kibera. Farasi mmoja analala pazuri kuliko wapangaji wote wa ploti yetu, ana daktari wake, na sisi tunaangalia mbio kupitia matundu ya ua. Anayeingia huko kwa bei ya chini haingii kuona farasi, anaingia kupoteza mshahara.

Na siku hizi hapa Kawangware kuna kibanda cha mabati chenye sahani kubwa juu ya paa. Wanaonyesha mpira wa Ulaya. Kiingilio ni kidogo kuliko chai na mandazi, unakaa kwenye benchi, hupigwi na jua, hakuna anayekurushia mkojo. Vijana wa hapa wanawajua wachezaji wa huko majina yao yote, na hawamjui golikipa wetu anayeishi hapa Riruta na kwenda mazoezini kwa miguu. Zamani niliwadharau. Sasa siwalaumu hata kidogo. Lakini huko ningempeleka Baba aone nini? Kioo kidogo kama sanduku la sabuni?

Siku aliyoondoka, tukingojea basi, alisema neno moja tu juu ya mambo haya. Alisema kwetu madume ya ng'ombe yakipigana, watu wa lokesheni nzima wanakuja, hakuna anayelipa, na mzee akifika anapishwa mbele. "Na ng'ombe ni ng'ombe," akasema.

Juzi nyapara alinitumia mtu. Viti vimevunjwa katika zile fujo, anataka nikavitengeneze, na mlango wa choo uongezwe kufuli la pili. Kazi hapa haipatikani, unajua. Mama Edna alinitazama tu. Nikamwambia yule mtu aende amwambie nyapara atafute fundi mwingine, na akae naye jukwaa la heshima. Mpira wenyewe sitaki kuusikia. Kijana wangu akiutaja mezani natoka nje. Nikipita karibu na ule ukuta nasikia ile harufu, hata kama hakuna mtu.

Sasa la muhimu. Nimerudi hospitali mwenyewe, na daktari amekubali kumpokea baada ya Pasaka, macho yakiwa yametulia. Nitakuja kumchukua mimi mwenyewe, usimpakie peke yake kwenye basi. Tutatoka stesheni moja kwa moja hadi hospitali, na akitoka huko atakaa ndani mwangu hadi bendeji ifunguliwe. Dawa ya matone aliyopewa umtie mara tatu kwa siku, unawe mikono kwanza. Asikae jikoni kwenye moshi.

Nisalimie shemeji Enoka, mwambie avumilie huo mgomo. Nisalimie senje Finike, dada yake Baba, na umwombe radhi kwa niaba yangu, kwa sababu najua atalia akisikia habari ya koti. Nisalimie pia Mama Mkubwa na wote wa kanisani waliotuombea upasuaji. Waambie ukweli, upasuaji haujafanyika na kosa lilikuwa langu.

Na Baba, usimsomee barua hii yote. Keti naye tu, umwambie Hezron ameniandikia kila kitu, kwa hiyo hana haja tena ya kusema daktari hakuwepo.

Ni mimi ndugu yako aliyekosa,
Hezron