Mzabibu wa Mkurugenzi

Joha, acha unachofanya. Optatus wa utafiti kaumbuka leo.

Si alitutambia kagundua aina mbili za zabibu kwenye shamba la Miyuji? Moja majani mapana laini, nyingine madogo magumu. Ile ya majani mapana akaipa jina la mkurugenzi, maana cheo anakitaka. Jina la mkurugenzi, Joha.

Leo katupeleka kuziona. Mkurugenzi kashika tawi lake, kalifuata taratibu mpaka chini. Shina ni moja. Moja! Majani mapana yako kivulini, madogo yanapigwa jua, basi.

Optatus alitamani ardhi immeze.

"Sasa mimi ni tawi lipi hapa?" mkurugenzi kamuuliza.

"Mzee, mzabibu wote ni wewe," Optatus kajibu.

Kakubali, Joha. Mkurugenzi kakubali, na kibao cha jina lake kinachongwa.