Gome la Upande Mmoja

Achan mjukuu wangu,

Salamu kutoka Gudele. Sisi wazima, ingawa milio ya risasi bado tunaisikia. Unauliza kwa nini naulilia msitu wa Imatong wakati watu wanakufa.

Nilipokuwa msichana, mdogo wangu alishikwa na homa. Mama akanipeleka msituni, kwenye miti na ndege ambao sijawaona kwingine. Alibandua gome la mti wa dawa upande mmoja tu, akapaka tope kwenye jeraha la mti. “Upande wa pili ni wa wajukuu,” akasema.

Tulipopata uhuru nilipanga kukupeleka. Vita vikarudi, na miti ikakatwa ichomwe makaa.

Jana nilinunua makaa sokoni Malakia. Kipande kimoja kilikuwa na kovu la kisu, upande mmoja tu. Nimeshindwa kukitia motoni. Upande wa pili ulikuwa wako.

Nyanya yako