Ulisema "Tumesikia", Nikaandika "Wamekubali"

Mama,

Ungekuwa hai ningeanza kama ulivyonifundisha nilipokuwa shule ya bweni: mimi mzima, hofu ni kwako. Lakini hofu yote imebaki huku kwangu, na uzima wenyewe ni wa kula na kulala tu. Nimekaa kwenye meza yangu katika ofisi ya wadi. Wenzangu wametoka kwenda kula chakula cha mchana, nami nimefunga mlango. Kesho saa nne kuna baraza. Nina jambo ambalo sikukuambia ulipokuwa na masikio ya kulisikia, na kesho lazima niliseme mbele ya watu. Si haki walisikie kabla yako.

Kwanza nikupe habari. Kaburi lako kule Werugha lilishuka kidogo upande wa bondeni kwa sababu ya mvua. Mjomba Mwakio amelijazia udongo na kulipangia mawe, vile vile anavyopanga kwenye matuta ya kabeji zake. Ng'ombe wako yuko kwake na amezaa ndama jike. Mjomba anasema ukungu mwaka huu hauondoki hadi saa tano, na kwamba angalau sasa umeipata ile baridi uliyoililia miaka yote uliyouza mboga kwenye joto la Voi. Alitaka nicheke. Nilicheka kidogo ili asijisikie vibaya.

Huku Voi, pale palipokuwa na kibanda chako pamebaki peusi. Mvua imenyesha mara nyingi na weusi haujatoka. Bi Zuhura, jirani yako wa mahamri, amepona mkono, ila vidole viwili havikunjiki, kwa hivyo anakandiwa unga na binti yake. Amerudi kwenye kuni. Karibu mtaa mzima umerudi kwenye kuni na makaa, hata wale waliokuwa wakikucheka kwa kuogopa kuwasha gesi. Ile meko ya gesi niliyokununulia Krismasi iko chini ya kitanda changu, nimeifunga kwa leso yako ya bluu. Sijaiwasha tena. Nikisikia harufu ya gesi hotelini natoka nje na kuacha chai mezani.

Sasa nije kwenye neno lako.

Nyumbani kwetu kulikuwa na neno moja tu la kukataa, nalo halikuwa "hapana". Ulitufundisha kwamba mgeni haambiwi hapana akiwa bado amekalia kiti chako. Mtu akija na ombi usilolitaka, ulimsikiliza hadi mwisho, ukamwongezea chai, kisha ukasema, "Tumesikia." Mwenye akili alichukua kofia yake. Mjomba alipotaka kukata ile miti ya mpakani ulimwambia umesikia, na miti ipo hadi leo. Unawakumbuka wale wazee kutoka Mwanda waliokuja kuniposa? Walizungumza tangu saa nne hadi saa nane, wakamaliza kuku wawili, ukawaambia "Tumesikia" kwa tabasamu zuri mno. Jioni kijana wao akanipigia simu, furaha imemjaa: "Si mamako amesema amesikia?" Nikamwambia, pole ndugu yangu, kwa mama kusikia ndiko kukataa. Nilimfafanulia vizuri kabisa. Mtu ambaye hata sikumtaka nilimpa tafsiri ya kweli.

Lile baraza la kwanza lilifanyika kwenye uwanja wa shule, ndani ya hema la kukodi. Walikuja watu wa serikali wanaosimamia mambo ya kawi, kwa sababu sheria inasema leseni haitolewi kabla wananchi hawajatoa maoni. Kulikuwa na bwana mmoja aliyetaka kujenga kiwanda cha kujazia mitungi ya gesi nyuma ya ukuta wa soko letu, hatua chache kutoka kwenye kabeji zako. Wageni walihitaji mtu wa kuandika kumbukumbu za mkutano. Chifu akasema, "Mchukueni Saru wa Mama Saru. Ana mwandiko safi na anajua Kidawida na Kiingereza." Nikaitwa mbele. Wewe ulikuwa umekaa safu ya kwanza, na nilikuona ukiweka leso yako sawa mabegani. Mtoto wako alikuwa ameketi meza moja na serikali.

Bi Zuhura alisimama wa kwanza. Yeye ni mtu wa pwani, hana kona: "Sisi hatukitaki kiwanda hicho hapa. Kipelekeni mbali, kusikokaa watu." Akina mama wakapiga makofi. Wewe ulimvuta buibui, ukamwambia, "Zuhura, wageni hawasemeshwi hivyo." Halafu ukasimama kama mwenyekiti wa akina mama wa soko. Uliwashukuru kwa safari. Ukauliza gesi ikivuja nani atatuambia. Ukauliza kutoka ukutani hadi kwenye matangi ni umbali gani, na gari la zimamoto litatoka wapi. Afisa alijibu kwa muda mrefu, viwango hivi, ukaguzi vile. Ulimsikiliza hadi alipomaliza na kufuta miwani. Ndipo ukasema, "Asanteni sana. Tumesikia." Ukaketi. Hakuna mwingine aliyeongea baada yako, kwa sababu wote walijua mambo yamekwisha. Wengine walianza kufunga watoto mgongoni waende zao.

Karatasi niliyopewa ilikuwa na visanduku viwili, Mama. Kimoja kiliandikwa Wanakubali, kingine Wanapinga. Neno lako halikuwa na kisanduku. Kalamu ikanisimama mkononi. Afisa akaniinamia, "Madam, hiyo ni yes ama no? Tuharakishe, chakula kinapoa."

Nilijua. Nataka usikie hivyo kutoka kwangu mimi mwenyewe: nilijua. Hakuna mtu duniani aliyejua kuliko mimi. Lakini niliona haya. Nilimwangalia yule afisa wa Nairobi nikawaza, nitamwelezaje kwamba kwetu watu hukataa kwa kusikia? Atatuona washamba. Na si haya peke yake. Nilikuwa nimechoka kupeleka mtungi kwa bodaboda hadi ng'ambo ya reli kila gesi ilipoisha. Nilitaka gesi karibu. Nikajiambia hiyo ni karatasi tu, wakubwa wana uamuzi wao tayari, alama yangu haitaongeza wala kupunguza. Nikaweka alama kwenye Wanakubali. Maneno ya Bi Zuhura niliyaandika hivi: "Mama mmoja aliomba ufafanuzi, akapewa." Nikatia sahihi chini, kisha nikaenda kula pilau pamoja nao. Ilikuwa tamu.

Afisa aliusifu mwandiko wangu kwa chifu, na haikuchukua muda nikaitwa kazi hapa wadi. Uliimba kanisani Jumapili hiyo hadi sauti ikakauka. Kiti ninachokalia nikikuandikia sasa kilitoka kwenye kisanduku kile.

Matofali yalipoanza kuletwa nilikuja kukuona kibandani. Nilifikiri utanichoma kwa maswali. Ulipanga nyanya zako, ukasema tu, "Serikali ina mipango yake." Hukuniuliza niliandika nini. Hukuwa na sababu ya kuuliza, maana ulisema neno lako na mwandishi alikuwa mtoto uliyemzaa.

Harufu ya gesi ilianza miezi michache baada ya kiwanda kufunguliwa. Mwanzoni watu walilalamika, baadaye tukazoea, kama tunavyozoea vumbi la malori barabarani. Mliandika barua, nami nikawapigia chapa, na ilijibiwa kwamba mkaguzi atakuja. Labda alikuja. Siku ile ya mlipuko ilikuwa Jumanne, saa tisa mchana, watoto wa shule bado wako madarasani, namshukuru Mungu kwa hilo. Lori lilikuwa likishusha gesi. Mimi nilikuwa ofisini nikaona vioo vikitetemeka, na nilijua ni wapi kabla ya kusikia watu wakipiga mayowe. Nilikimbia na kiatu kimoja. Bi Zuhura walikuwa wamemlaza kwenye gunia. Wewe sikukutambua. Nilikutambua kwa sauti, ulipoita jina langu.

Siku nne hospitalini. Muuguzi alisema mwenye majeraha kama yako hamalizi hata mbili, na mjomba akasema, hamjui watu wa Werugha. Siku ya tatu akili yako ilikuwa imetulia kabisa. Uliniuliza, "Saru, kwani siku ile ya baraza tulisemaje?"

Hapo palikuwa mahali pangu pa kusema. Tulikuwa wawili tu, pazia limevutwa. Nikasema, "Mlisema mmesikia."

Ukafumba macho. Ukasema, "Basi walijua."

Hukusema neno lingine juu ya jambo hilo. Ulikufa kesho yake ukiamini kwamba walielewa mmekataa, kisha wakajenga kwa ubavu. Uliwachukia watu wa mbali kwa kosa la mtoto wako. Nimelia kwa mengi tangu tukuzike, lakini kwa hilo silii.

Baada ya mazishi serikali ilikifunga kiwanda. Walikuja na utepe na kufuli, wakapiga picha, wakaondoka. Tukadhani yamekwisha. Wiki iliyopita tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa chifu: mwenye kiwanda anaomba leseni tena, atajenga ukuta mrefu zaidi, na mwananchi mwenye maoni aje Alhamisi. Nyuma ya tangazo wamebana nakala ya kumbukumbu za baraza la kwanza, kuonyesha kwamba wenyeji hawakuwa na pingamizi tangu mwanzo. Nilisimama pale nikasoma mwandiko wangu. Ni safi kweli. Bi Zuhura alikuwa kando yangu, hajui kusoma, akaniuliza, "Mwanangu, wameandika mamako alisema nini?" Nilimwambia nimechelewa kazini.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Jana nikaenda kwa chifu, nikamweleza yote. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema, "Saru, maji yakimwagika hayazoleki. Ukisema uliandika uongo, kazi yako imekwenda, na pengine utashtakiwa. Na marehemu hawezi kuulizwa." Kisha akaniambia, kwa wema kabisa, kwamba wageni wameomba niandike tena kesho, kwa sababu mara ya kwanza niliandika vizuri.

Nimekubali, Mama. Nimekubali kuandika. Bahasha yao iko hapa mezani, na karatasi ndani ni ile ile yenye visanduku viwili.

Nakuahidi hivi. Kesho, kabla sijafungua kalamu, nitasimama. Nitataja jina langu na jina lako. Nitasema kwamba Mama Saru alikataa, na mimi mwanawe nikaandika amekubali. Bi Zuhura atakuwa amekaa pale mbele, nami nitamtazama yeye, si afisa. Kisha nitasema hapana. Nitaisema kwa Kidawida, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, wageni wakiwa bado wamekalia viti vyetu. Baada ya hapo nitaketi niandike, na chini ya Wanapinga jina la kwanza litakuwa langu. Sijui kama itatosha kuwazuia. Ukweli ni kwamba mwenye kiwanda ana wakili na sisi tuna vidole vya Bi Zuhura. Lakini karatasi ya kesho haitakuwa na uongo wangu, na hii barua nitaipeleka Werugha Jumapili, niiweke chini ya mawe ya mjomba. Kazi ikienda, iende. Matuta ya kabeji yapo.

Wananigongea mlango, wamerudi kutoka kula. Kwaheri, Mama. Ukungu ukufunike vizuri.

Unisamehe tu kwa kuwakosea wageni adabu kesho. Kwa lile jingine sikuombi kitu. Najua ungenisikiliza hadi mwisho, ungeniongezea chai, halafu ungeniambia, "Nimesikia, Saru."

Mwanao,
Saru