Kiti cha Mbele

Lizaboni, Songea
14 Machi 2004

Kaka Urban,

Shikamoo. Mahindi ya shamba letu la Mshangano yamebeba vizuri, ila dishi la setilaiti linaloleta masomo yako darasani kwetu limesogezwa tena na upepo. Jana nilipanda juu ya paa mara mbili, nikashuka kuwasha jenereta, nikapanga viti, yote kabla sura yako haijatokea ukutani. Hata sasa kukaa siwezi, naandika nimesimama.

Yule mama wa kiti cha mbele hukumtambua. Najua picha yetu inawafikia huko Dar ikiwa na ukungu. Ulinyoosha kidole ukasema, "Songea, wewe wa mbele, jibu swali la pili."

Alikuwa Mama.

Aliniomba nimlete aone kazi yako. Ulipotokea alijiweka sawa, akatulia, akisubiri mwanawe amwamkie. Darasa zima likasubiri naye. Wewe ukasema, "Kama hajui, mwingine amsaidie."

Njiani alisema tu, "Amenenepa." Tangu hapo hajala.

Miaka minne hujafika nyumbani, kaka, na simu zangu hupokei, ndiyo maana barua hii naipa basi la kesho. Daktari wa Mama amesema vipimo sasa basi, tukae naye tu.

Jumamosi atakuwa kiti kile kile, hata kama ni kumbeba. Kabla hujauliza kama tunakusikia, sema shikamoo. Wanafunzi watashangaa mhadhiri anawaamkia wao. Waache washangae. Mmoja ataitikia.

Mdogo wako,
Judica