Vitambaa Viwili Ukutani

Nyumbani kwa kaka yako,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi. Ikikukuta umesimama, tafadhali vuta kiti kwanza. Goti linaendeleaje? Uliniambia baridi ya huko imeingia kwenye mifupa na kujifanya mwenyeji. Je, zile soksi ndefu alizokufumia Mama zilifika? Anaulizia kila wiki, kisha anajifanya hakuuliza.

Sisi huku ni wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi lakini anakataa kuitwa mgonjwa. Mdogo wangu amerefuka mpaka suruali zinamkimbia. Hata ule mlango wa mbele uliokuwa ukiuita Mbuzi, kwa jinsi unavyolia ukifunguliwa, una habari zake. Nitazifikia.

Shangazi, nakuandikia kwa sababu kuna jambo siwezi kulibeba peke yangu. Tangu Ijumaa nimekuwa nikishika kalamu na kuiweka. Sina mwingine wa kumwambia, maana linamhusu kaka yako.

Unajua kwamba nilipomaliza masomo nilipata ukarani palepale kwenye kiwanda cha mikate, ambako Baba ni fundi wa magari. Dirisha la ofisi yangu linatazama uani, kwa hiyo siku nzima naandika huku jicho moja liko kwake, amelala chini ya gari, viatu tu vikionekana. Kazi yake kubwa ni kubadilisha oili. Magari yetu ni makuukuu, yanazunguka na mikate tangu alfajiri, na oili ikichafuka lazima imwagwe, itiwe mpya. Akimaliza gari la mwisho, la kwanza limeshafika zamu tena. Hiyo ndiyo kazi iliyotusomesha.

Sasa Bosi wetu alirudi safarini na madebe ya oili ya sintetiki. Tuliyokuwa tukitumia ni oili ya kawaida, inayosafishwa kutoka mafuta ya ardhini. Hiyo nyingine inaundwa kiwandani kwa ustadi mkubwa zaidi, na wauzaji wake wanasema inavumilia joto, haiwi nzito kwenye baridi, na inakaa muda mrefu ndani ya injini kabla ya kubadilishwa. Hilo la mwisho ndilo Bosi alilolipenda. Alimwekea Baba mkono begani mbele ya watu wote, akasema, "Fundi, hili likithibitika, hatutahitaji fundi wa kudumu hapa. Magari yatakwenda gereji ya nje mara mojamoja."

Alisema hivyo kama mtu anayetangaza kwamba kesho kutakuwa na jua. Baba akajibu, "Sawa, Bosi. Tupime." Mimi nilimwaga chai juu ya meza.

Wakachagua magari mawili pacha. La kwanza, litakalotumia sintetiki, linaendeshwa na kijana mmoja mwembamba tunayemwita Msumari, maana maneno yake yanachoma. La pili, litakalobaki na oili ya kawaida, ni la mzee mmoja taratibu sana, Konokono. Bosi aliagiza yote mawili yaende muda uleule mrefu bila kubadilishwa oili. Na aliyekabidhiwa kuyapima ni nani? Baba. Hebu fikiria, Shangazi, kondoo kukabidhiwa kisu akinoe.

Kila Jumamosi Baba alichomoa kijiti cha kupimia oili katika kila injini, akakifuta kwa kitambaa cheupe, kisha akavitundika vitambaa viwili ukutani kando kwa kando. Madereva walikusanyika kama mahakimu. Cha Konokono kilikuwa na rangi ya asali iliyokolea. Cha Msumari kilikuwa cheusi kama kitako cha sufuria.

"Msumari, unaendesha gari au jiko la mkaa?" Konokono alimtania.

"Angalau langu linawaka kabla sijazeeka!"

Hapo alisema kweli. Asubuhi za baridi gari lake liliwaka mara moja na kutulia, wakati la Konokono lilikohoa kama mtu aliyeamshwa bila hodi. Lakini nani anatazama kuwaka, wakati kitambaa cheusi kinaning'inia mbele ya macho yake? Kila mtu uani aliamua kwamba sintetiki ni uongo mtupu. Mimi nilifurahi kimoyomoyo, nikaanza hata kula vizuri.

Halafu gari la Msumari likaanza kuvuja. Kila lilipoegeshwa liliacha doa jeusi sakafuni. Msumari akapandisha hasira, akasimama katikati ya uwanja na kupiga kelele, "Hii si oili, ni fundi! Nani atakubali kujichimbia kaburi la kazi yake mwenyewe?" Baba aliendelea kufuta spana.

Nikuambie lililonitoa jasho, Shangazi. Siku mbili kabla ya kelele hizo, saa ya chakula, uwanja ukiwa mtupu, nilimwona Baba kupitia dirishani. Alikuwa amefunua boneti ya gari lile la Msumari, ana jagi mkononi, anamimina kitu ndani ya injini. Na alikuwa akitazama huku na huku kama mwizi. Nikaamini kwamba anachanganya oili chafu ili ile mpya ishindwe. Baba yangu, ambaye akiokota kifungo cha shati njiani anauliza nyumba kwa nyumba ni cha nani! Sikumwambia mtu. Jioni tuliketi mezani, nikawa natafuna bila kumeza. Uliponiita Kunguru kwa uoga wangu, Shangazi, hukukosea.

Ijumaa Bosi aliamuru injini zote mbili zifunguliwe mbele yetu.

Baba alianza na la Konokono. Alipoinua kifuniko cha juu, tuliona tope jeusi zito, limegandamana kila kona kama uji ulioungua. Ungeweza kulichota kwa kijiko. Konokono alishika kichwa. Kisha Baba akafungua la Msumari. Shangazi, chuma kiling'aa. Kila kipande ungekitambua ni nini.

Bosi alitazama injini, akageuka kutazama vitambaa ukutani, akarudisha macho. "Kwa hiyo ule weusi..."

"Ni uchafu wa zamani," Baba akasema. "Hii sintetiki imeuosha, ikawa inaubeba. Kwa Konokono uchafu haukubebwa, umekaa tu ndani. Na mimi nilikuwa nikishangaa kama ninyi. Nimejua sasa hivi."

Msumari hakuwa ameridhika. "Na kuvuja je?"

Baba akatoa mfukoni duara la mpira lililopasuka, gumu kama gamba. "Sili yako, huu mpira wa kuzuia oili isitoke, ilikuwa imekufa siku nyingi. Uchafu ndio ulioziba. Uchafu ulipooshwa, pakavuja. Nimeibadilisha juzi. Kabla ya hapo nilikuwa naongeza oili mchana kila ilipopungua, ileile ya kwenye debe lako."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangesimamisha kipimo."

"Na ungenyamaza bila kuongeza," Msumari alisema polepole, "injini ingekauka, ikafa. Wewe ungeshinda."

"Ikafe na wewe ndani, kwenye ule mteremko wa hospitali? Mkeo angeambiwa nini, na nani?"

Msumari alivua kofia. Ndiyo mara ya kwanza nimeona kichwa chake.

Bosi alikuwa bado anafikiri. Akauliza, "Fundi, hii ya kawaida ikibadilishwa mapema, kama tulivyokuwa tukifanya, haitoshi?" Mlango ulikuwa wazi, Shangazi, Baba alipaswa tu kupita!

"Inatosha," Baba akasema. "Haina ubaya. Haitaki tu kusahauliwa, na sisi tumeisahau makusudi."

"Lakini ungekuwa mimi, ungechagua ipi?"

Nilifumba macho. Sema ya kawaida, Baba. Neno moja tu.

"Sintetiki," Baba akasema. "Magari yako ni ya zamani, yanasimama na kuondoka kutwa, yanalala nje kwenye baridi. Badilisha sili kwanza, kisha utie hiyo."

Akaanza kurudisha kifuniko, msumeno umeshakata tawi alilokalia, na yeye anatafuta nati.

Nilingoja Bosi aguswe. Aliguswa kweli, alimpa Baba mkono mara mbili. Kisha akaniita ofisini, akanisomea maneno ya barua ya kumwachisha fundi kazi mwisho wa mwezi, niyapige chapa. Mimi! Katikati ya sentensi alikumbuka mimi ni binti wa nani. Akasema, "Basi, iandike vizuri."

Niliiandika, Shangazi. Niliipeleka mwenyewe uani kwa sababu sikutaka aipokee kwa mtu mwingine. Baba alifuta mikono, akaisoma yote, akaikunja. "Hakuna kosa hata moja," akasema. "Shule haikupotea."

Nilishindwa kujizuia, nikamuuliza ile siku ya jagi alikuwa akitazama huku na huku kwa nini. Akacheka. "Nilikuwa nakuchungulia wewe. Ungeniona nafanya kazi saa ya chakula, ungemwambia mama yako kwamba sili chakula."

Bado sijui nicheke au nilie. Mama hajaambiwa. Baba anasema atamwambia leo jioni, lakini alisema hivyo jana pia. Tafadhali mpigie Baba simu. Usimgombeze, maana ninajua utataka kumgombeza kwanza. Ni wewe peke yako ambaye Baba humsikiliza akiwa amekaa kimya. Msumari naye alikuja asubuhi na pikipiki ya shemeji yake inayotoa moshi, akasema ana jamaa wengine wenye vyombo vibovu. Nataka kuamini huo ni mwanzo wa kazi nyingine kwa Baba.

Nimekuahidi habari za mlango. Ijumaa Baba aliomba debe tupu la sintetiki. Nilidhani analitaka kwa uchungu, alitupe mbali. Kumbe aliligeuza juu ya kikombe, likadondosha hadi tone la mwisho. Akatia kwenye cherehani ya Mama, akatia kwenye bawaba za Mbuzi. Shangazi, miaka yote mlango ule ukilia tulijua Baba amerudi kazini, tukakimbilia kunawa mikono. Jana alitoka kidogo. Nilipoinua kichwa nilimkuta amesimama katikati ya chumba, na hakuna aliyekuwa amemsikia akiingia.

Mama anakusalimu, na cherehani yake mpya, ndivyo anavyoiita. Mdogo wangu anakusalimu. Baba angekusalimu kama angejua ninakuandikia. Wasalimie binamu zangu wote na yule jirani anayekuletea supu.

Mungu akulinde dhidi ya baridi na upweke, akurudishe kwetu ukiwa mzima. Na siku utakayorudi, piga hodi kwa nguvu, maana mlango hautatuambia.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye daima,

Kunguru.