Majike Yasingoje Madume

4 Machi

Mama,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje? Wifi anakupa dawa kwa wakati huko kwake? Huku sote wazima, ila mjukuu wako anaota meno na hakuna anayelala.

Kondoo wanakula vizuri. Kuna jambo moja tu linaninyima raha. Madume yanajaza nyama kila wiki, lakini majike, tangu yafike kilo thelathini na sita, yanaongeza mafuta tu. Nikiyashika juu ya kiuno, mwanzoni nilikuwa nauhisi mfupa kama mshono chini ya kitambaa. Sasa siuhisi. Mimi ni fundi cherehani, kondoo nimewajulia kwako, ila unene wa kitu vidole vyangu vinaujua. Naomba niyapeleke majike bucha sasa, madume yangoje kilo arobaini na tano.

Shemeji ameshasema: mwenye bucha akilikataa kundi hili, zizi linauzwa nami nirudi kwa wazazi wangu. Mama, tangu mwanao atutoke, mimi kwetu ni hapa. Sitaki kukosea.

Mkweo

11 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Nyonga inapona, ila wifi yako ananilisha uji asubuhi na jioni. Mwambie kuwa mama yake bado ana meno.

Dereva wa lori la pumba kanipitia. Anasema zizi ni safi kuliko sebule ya kwake. Nilitabasamu siku nzima, maana mimi mwenyewe sikuwahi kulifikisha hapo.

Kuhusu majike, hapana. Kilo arobaini na tano, jike na dume. Nimenenepesha kondoo tangu kabla hujazaliwa, na mnunuzi huanza kula kwa macho. Haraka haraka haina baraka. Shemeji yako niachie mimi.

Mama

29 Machi

Mama,

Shikamoo. Naomba uisome hii ukiwa umekaa.

Jike mmoja alivunjika mguu kwenye hori, ikabidi achinjwe. Alikuwa na kilo arobaini na moja tu, lakini figo zake zilikuwa zimezama kwenye mafuta. Nikaona kila debe la mahindi ninalomwaga linaishia pale. Kesho yake nikayapeleka majike yote bucha. Mwenye bucha hakuwepo, yakapokelewa na msaidizi wake, na hadi leo sijasikia neno.

Nimekuasi, Mama, na naogopa. Lakini wewe ndiye niliyekuona ukipekua kila gunia la pumba hata muuzaji akiapa. Kutoka kwako nilijifunza kuamini mkono. Ukiniambia nifungashe, nitafungasha.

Mkweo

8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Pole kwa kungoja. Nilichelewa kwa sababu nilikasirika, tena sana. Ulimwengu mzima ulipata sehemu yake, hata uji.

Nilipotulia nikamwamuru shemeji yako anipeleke bucha, nikaombe radhi kabla mwenye bucha hajatuvunjia biashara. Njia nzima napanga maneno. Tulipofika mwenye bucha akaniletea kiti, akaniletea na chai, nami nikaanza kujieleza pale pale. Mkwe wangu bado mgeni, nikasema, majike yalikuwa bado madogo.

Akanishangaa. “Mama, radhi ya nini? Miaka yote majike yako nayakata mafuta, natupa. Nilinyamaza kwa kukuheshimu. Safari hii hatukutupa kitu. Nani aliyachagua?”

Mwanangu, niliona haya, kisha nikajaa furaha hadi chai ikanimwagikia. Nikamjibu, “Binti yangu.” Shemeji yako alikuwa kasimama nyuma yangu, akajifanya anaangalia mizani. Alipoulizwa kama zizi litaleta wengine, akasema litaleta. Kwa mdomo wake mwenyewe! Habari ya kuuza imekwisha, na akiifufua nitasimama na magongo yangu.

Watu husema una bahati. Mimi nasema una kipaji, na una moyo, maana kunikatalia mimi si kazi ndogo. Marehemu aliniambia ameoa mtu hodari. Nilidhani anasifia mishono.

Daktari ananiruhusu kurudi nyumbani wiki ijayo. Madume usiyatoe kabla sijafika. Nataka unishike mkono, uuweke mgongoni kwao, unionyeshe pa kubonyeza. Nimeishi na kondoo umri wangu wote na sijui.

Mama yako