Tundu Nyuma ya Choo Chetu

Jumatatu, 8 Aprili
Nimesahihisha madaftari, kisha nikarudi kwenye hotuba ya mkutano wa mtaa. Mada ni ileile: kutapisha vyoo. Mvua ikishika tu, watu hutoboa shimo la choo ili kinyesi kiondoke na maji kuelekea bondeni. Nimeandika: "Atapishaye choo humlisha jirani yake." Sentensi imenipendeza.

Jumatano, 10 Aprili
Mvua kubwa tangu asubuhi. Nikitoka shuleni nimekuta maji meusi uchochoroni. Nikayafuata kwa hasira, nimjue mwenye choo.

Yamenifikisha nyuma ya nyumba yangu.

Baba Neema, mume wangu, ameinama, fimbo mkononi, tambara la kuzibia tundu liko miguuni pake. Sikujua kwamba tuna tundu. Miaka yote nilidhani shimo letu lina kina kirefu.

"Gari la kunyonya vyoo litapita wapi, mke wangu? Juu ya mapaa?"

Nimeingia ndani, nikaifunika hotuba kwa daftari.

Alhamisi, 11 Aprili
Maji yetu yaliingia ndani kwa Mama Zuhura, muuza maandazi wa nyumba ya chini. Leo Zuhura, bintiye mdogo, anahara na kutapika. Amekimbizwa hospitali.

Ijumaa, 12 Aprili
Mtoto hajafumbua macho.

Jumapili, 14 Aprili
Hotuba niliiacha mezani. Nilisimama mkutanoni nikatamka kwamba choo kilichomwagikia nyumba ya Mama Zuhura ni changu. Baba Neema alitazama chini. Mama Zuhura alikuwa ametoka hospitali muda huohuo, khanga begani.

"Hata nyie, mwalimu?"

Laiti angenitukana.

Jumanne, 16 Aprili
Vijana wa pampu ya mkono wamekuja na mapipa juu ya mkokoteni, wakanyonya shimo lote. Uchochoro umewatosha kabisa. Kumbe njia ilikuwapo. Baba Neema ameziba tundu kwa saruji, kwa mikono yake.

Jumamosi, 20 Aprili
Zuhura amerudi, shingo imekuwa nyembamba. Nimepeleka uji kwenye chupa. Mama yake amepokea chupa, hakunikaribisha ndani.

Alasiri mvua imeanza. Baba Neema ametoa kigoda, ameketi nyuma ya choo akiitazama saruji. Nimemfuata na mwavuli. Saruji imeshika vizuri.

Baadaye maji yakapita miguuni petu kutoka nyumba za juu, meusi, yakienda kwa Mama Zuhura. Hayakuwa yetu.